Kioo kikivunjika, mwambie mzoa taka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji niseme jambo moja kuhusu vioo vya kujitazamia vinavyovunjika majumbani mwetu, na mahali vinapoishia. Mimi ni fundi vioo, nina kibanda Tandika, mwaka wa 22 sasa. Nakata vioo vya madirisha, vya makabati, vya fremu za picha, vya saluni na vya vinyozi. Wiki haipiti bila kung'oa vioo vitatu au vinne vilivyopasuka na kufunga vipya. Ninayoyasema hapa nayajua kwa mikono yangu, na mengine nayasema kwa sababu yananiuma.

Masika ya mwaka juzi mama mmoja wa mtaa wa nyuma aliniita. Kabati lake la nguo lilikuwa na kioo kirefu mlangoni, sentimita 45 kwa 150, na mjukuu alikuwa amekipiga na mpira. Kilipasuka katikati, na ufa ukapanda juu ukijigawa kama mizizi. Nikakitoa, nikaandika vipimo mgongoni kwake kwa maka peni, nikaenda kukata kingine, jioni nikarudi kufunga. Kile cha zamani nikakivunjavunja, nikakitia ndani ya kiroba cha mchele cha kilo 25, nikakunja mdomo na kufunga kamba. Mama akasema, "Baba, kiache hapo getini, kesho ndiyo siku ya taka." Nikakiacha. Nikalipwa, nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake, kwenye saa nne asubuhi, guta la taka likasimama mbele ya kibanda changu. Kijana anayeliendesha nilikuwa namfahamu kwa sura tu. Alikuwa amekibana kiganja cha kulia kwa mkono wa kushoto, damu inapenya katikati ya vidole na kudondokea kandambili zake. Alikuja kuomba kitambaa. Nikachana kipande cha kanga, nikamkandamizia na kumfunga, nikamwambia mwanafunzi wangu akaite bodaboda. Nilipoinua macho nikakiona kiroba, kiko juu kabisa ya zile taka. Kilikuwa kimetoboka ubavuni, na kipande cha kioo chenye urefu wa shibiri nzima kimejitokeza nje, kimegeuza mgongo wake wa kijivu. Kwenye huo mgongo nikasoma namba 150, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, hicho kioo nimekiweka mimi." Hakunitukana. Aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Sasa fundi, si ungeniambia tu kama humu mna kioo? Ningekishika vingine."

Kituo cha afya walimshona nyuzi tisa na kumchoma sindano ya pepopunda. Mkano wa kidole cha mwisho ulikuwa umeguswa, na hadi leo kidole hicho hakikunjiki sawasawa. Wiki sita hakupanda guta. Nilimsaidia kwa chakula na nauli kadiri nilivyoweza, lakini mkono ni wake na guta lilikuwa ndilo riziki yake. Maneno yake yale ndiyo yamenifanya nishike kalamu. Mimi ni fundi, najua kioo kuliko yule mama, tena kuliko watu wengi, na nilikifunga kama mtu anayefunga majani makavu. Kama mimi nilifanya hivyo, basi naona haja ya kulizungumza jambo hili kwa sauti.

Watu wengi hudhani kioo ni kioo. Sivyo. Kioo cha ubavuni mwa gari kimechomwa moto mara ya pili kiwandani na kupozwa ghafla, kwa hiyo kikipasuka huwa punje punje kama mahindi. Cha mbele kina utando wa plastiki katikati, kinapasuka lakini kinabaki kimeshikana. Chupa ikivunjika, vigae vyake vimepinda na ni vinene. Lakini kioo cha kujitazamia kilichoko nyumbani kwako hakikupitia mambo hayo. Ni bapa, ni chembamba, na kikivunjika kinatoa mapanga: vipande virefu vyenye pembe tatu, ncha mbele, makali pande zote mbili. Rangi iliyoko mgongoni nayo inadanganya. Inashikilia vipande vidogo pembeni mwa vikubwa, unaviona kama kitu kimoja, ukikiinua tu vile vidogo vinachomoka na kukuingia kiganjani.

Tena kina uzito. Mita mraba moja ya kioo cha milimita 4 ni kilo 10. Kile cha yule mama kilikaribia kilo 7. Hebu fikiria kilo 7 za mapanga ndani ya kiroba. Kiroba kimefumwa, na ncha ya kioo haihitaji kukichana. Inapita katikati ya ule ufumo, kiroba kikiwa chini huoni chochote. Mtu anapokinyanyua na kukitupa mgongoni, uzito wote unakuja kwenye ile ncha.

Na mzoa taka ni mtu wa kwanza tu katika safari ya hicho kiroba. Baada ya guta kuna vijana wa kupakia kwenye lori, ambao hurushiana viroba kutoka chini kwenda juu, wa juu anadaka kwa kifua. Baada ya lori kuna dampo la Pugu Kinyamwezi, na kule kuna wanaume, wanawake na vijana wanaofungua viroba kwa mikono kutafuta makopo, vyuma na chupa za plastiki. Wanaingiza mkono bila kuona ndani. Hapa mtaani kwetu, kabla hata guta halijapita, kuna waokotaji wanaopita alfajiri mageti kwa mageti. Ukiweka kioo ndani ya taka bila kusema, umewatega watu wote hao.

Najua wapo wanaojitahidi wasimdhuru mzoa taka, wakafanya mengine yaliyo mabaya zaidi. Kuna wanaochimba shimo uani na kufukia. Mwenye nyumba mmoja wa Mtoni alifukia kioo cha dresingi tebo nyuma ya jiko, futi moja tu, na alidhani amemaliza. Masika mbili baadaye maji yalilainisha ule mchanga wetu wa Temeke, vigae vikaanza kutokeza kimoja kimoja. Niliitwa kuweka kioo cha dirisha nikamkuta anaokota na ndoo, watoto wa wapangaji wamekatazwa kutoka nje peku. Kioo hakiozi. Ulichofukia leo, atakikuta atakayelima mchicha hapo au atakayechimba msingi.

Wengine wanatupia chooni, kwenye shimo. Shimo likijaa, wanaoshuka ni wale vijana wa kutapisha vyoo, mtu yuko ndani ya kinyesi hadi mapajani na hana hata buti. Kidonda kinachopatikana mle sitaki kukielezea gazetini. Wengine wanachoma pamoja na takataka, na kioo kwenye moto hupasuka kwa kishindo na kurusha vigae, mbali na moshi wa ile rangi ya mgongoni. Na wapo wanaoweka vipande juu ya ukuta wa uzio kama wanavyoweka vigae vya chupa. Hili kama fundi silikubali kabisa. Chupa ina unene na mkunjo, simenti inaishika. Kioo cha kujitazamia ni laini pande zote na mgongo una rangi, simenti haikishiki. Miaka miwili mvua na jua vikikipiga, kinaachia na kudondoka upande wa njia.

Kuna na jambo la imani. Nimekulia pwani, najua wapo wanaofunika vioo mvua ya radi inaponyesha, na wapo wanaosema kioo kuvunjika ndani ya nyumba ni mkosi. Siwezi kubishana na imani ya mtu. Ninachokiona kazini ni kwamba mkosi huo unawafanya watu wafiche. Kioo kinatolewa usiku, kimyakimya, kinatupwa njia panda au pembeni mwa jalala ili jirani asijue kimetoka nyumba gani. Nimekuta vipande njia panda zaidi ya mara moja, nimevikusanya mwenyewe alfajiri nikienda kazini, kwa sababu kwenye saa moja watoto wa shule wanapita pale na viatu vilivyotoboka.

Sasa niseme namna ninavyofanya mimi tangu siku ile, na namna ninavyowaelekeza wateja.

Kioo kikiwa kimepasuka lakini bado kipo ukutani au mlangoni, usikiguse kwanza. Tafuta soltepu pana, ile ya kufungia maboksi, ukibandike usoni kote, msalaba juu ya msalaba, mpaka usijione vizuri. Soltepu haikizuii kuvunjika, inazuia vipande kuachana. Kisha mtoe mtoto chumbani, vaa viatu vinavyofunika vidole, na kama kioo kinapita kimo cha kiuno chako mwite mtu wa pili. Kibebe kikiwa wima, ukingo mmoja chini na mwingine juu. Kioo hakibebwi kama sinia. Ukikilaza hewani kinajivunja kwa uzito wake, na hapo mikono yako iko chini yake. Na kikikuponyoka, kiache kianguke. Hili ni la kwanza nililofundishwa, kabla hata sijakabidhiwa almasi ya kukatia. Mkono unataka kudaka wenyewe, kwa hiyo lazima ujiambie mapema kwamba hutadaka. Ruka nyuma.

Kikiwa kimeshavunjika chini, vipande vikubwa viokote kwa glavu za ngozi au kitambaa kilichokunjwa mara nne. Glavu za mpira za kuoshea vyombo hazifai, zinakatika kama karatasi. Vishike pande zile bapa, usishike ukingo. Vipange vikubwa juu ya vikubwa, vikiwa vimelala upande mmoja kama sahani. Usivitupie kwenye ndoo kama mawe, maana kila ukitupa unatengeneza ncha mpya.

Halafu zinabaki chenga, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanafagia kwa fagio la chelewa, wanaona sakafu inang'aa, wanaruhusu watoto waingie. Chenga za kioo zinaingia kwenye zile njiti za fagio na kesho zinaenda kufagiliwa jikoni. Mimi nafagia kwanza kwa kipande cha boksi kilichokunjwa, ambacho nakitupa pamoja na kioo. Kisha nachukua donge la unga wa ngano uliokandwa, kama la chapati, nalikandamiza sakafuni pole pole, hatua kwa hatua, bila kuliburuza. Linanasa kila kitu. Ukikosa unga, mkate mlaini unafanya kazi hiyo hiyo. Mwisho kitambaa chenye maji, nacho kinatupwa, hakifuliwi. Kisha zima taa, washa tochi ya simu, ilaze simu sakafuni ili mwanga upite chini chini. Chenga zilizobaki zitametameta kama chumvi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kwa mteja aliyekuwa amesafisha vizuri kabisa kwa macho yake, tulizihesabu 31 chini ya kitanda na pembeni mwa mlango, umbali wa hatua nne kutoka kioo kilipoangukia. Mkeka ukung'ute nje, mbali na uwanja wa kuchezea watoto.

Kufunga sasa. Gazeti hili hili, ukishalisoma, ndilo vazi la kwanza la kioo. Kila kipande kikubwa kikunje peke yake kwa kurasa tano au sita, funga kwa soltepu. Kisha viweke pamoja ndani ya boksi gumu, na boksi ndani ya mfuko mtupu wa simenti, maana karatasi yake ina matabaka na haitoboki upesi. Bora kuliko vyote ni ndoo tupu ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko. Kila mtaa unaojengwa hapa Dar es Salaam una ndoo hizo, mafundi rangi wanaziuza kwa bei ndogo, na nyingine wanakupa bure kama zimepasuka mshikio. Weka kioo, funga mfuniko, zungusha soltepu. Usijaze mpaka pomoni. Kilo 8 au 9 zinatosha, kwa sababu kuna mtu atainyanyua.

Andika juu yake VIOO, kwa herufi kubwa, pande zaidi ya moja. Kama huna maka peni, tumia mkaa. Kisha, na hili ndilo naliomba kuliko yote, usiiache getini ukarudi kulala. Ngoja guta lifike. Mpe kijana mkononi, mwambie, "Kaka, hii ni vioo." Ni maneno manne. Ataiweka pembeni ya guta peke yake na atamwambia wa lori. Ukiwa kazini, mwachie ujumbe jirani au dada wa nyumbani, lakini ujumbe ufike kwa mdomo, kwa sababu si kila mtu anasoma maandishi ya kwenye ndoo saa kumi na moja alfajiri.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, taka zetu nyingi zinatoka kwenye viroba na mabeseni mabovu. Zamani kwenye rambo nyepesi mtu aliona kwa nje kilichomo ndani. Kiroba kinaficha. Sisemi marufuku ile ilikuwa mbaya, mitaro yetu imepumua. Nasema tu kwamba jambo hili la kumwambia mtu linahitajika zaidi sasa kuliko wakati ule.

Nirudi kidogo kwenye vioo vilivyozeeka ambavyo havijavunjika. Hapa pwani hewa ina chumvi na unyevu, kioo kinaanza kupata madoa meusi pembeni, yanatambaa kuelekea katikati. Watu wanaona kimekwisha, wanakitoa nje na kukiegemeza ukutani kisubiri taka, upepo unakiangusha. Kilichokufa pale si kioo, ni ule utando wa fedha mgongoni. Kioo cha kujitazamia ni kioo cha kawaida kilichopakwa fedha, wakati mwingine na shaba juu yake, kisha rangi ya kukinga. Unyevu ukipenya kwenye ukingo, fedha inachafuka. Mpelekee fundi vioo yeyote. Atakata zile pembe zenye madoa, na katikati kitabaki kioo kizuri cha kinyozi, cha bafuni, au vioo vidogo vitano sita vya wanafunzi wa bweni. Kabati la yule mama, kwa mfano: kama ningetulia siku ile, nusu ya chini ya kile kioo ilikuwa nzima kabisa, sentimita kama 60. Ningeipiga almasi, ningempa kioo cha chumba cha wajukuu, na kiroba kingekuwa na zaidi kidogo ya nusu ya uzito.

Nitaje na vioo vya kale sana, kwa sababu niliwahi kuletewa kimoja kutoka Unguja, kipo ndani ya fremu ya mbao iliyochongwa, mwenyewe anataka nikikwangue mgongo nipake upya. Namna hii ya kupaka fedha ilianza kwa kazi ya Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835. Kabla ya hapo vioo vya Ulaya vilipakwa bati lililochanganywa na zebaki, na wengine waliendelea nayo hadi karibu na mwaka 1900. Mgongo wa kioo cha namna hiyo una rangi ya kijivu yenye punje zinazong'aa kama umande wa asubuhi, na wakati mwingine chini ya fremu utakuta vitone vya zebaki. Zebaki ni sumu, mvuke wake unavutwa bila harufu. Nilikataa kukikwangua, nikamwambia akirudishe kwenye fremu na mgongo wake kama ulivyo, asikiweke chumba wanacholala watoto. Mwenye kioo cha babu wa babu asikwangue, asivunje, wala asikitupe na taka za jikoni.

Na tafadhali msiwape waokota chupa vipande vya kioo cha kujitazamia mkidhani mnawasaidia. Wanaonunua chupa wanataka chupa, kwa sababu zinarudi kuyeyushwa kuwa chupa nyingine. Kioo bapa kina mchanganyiko wake, na cha kujitazamia kina rangi na madini mgongoni. Kipande kimoja kwenye gunia la chupa kinaweza kumfanya mnunuzi akatae gunia zima, na huyo mama aliyeokota tangu alfajiri anarudi nyumbani mikono mitupu.

Naziomba serikali zetu za mitaa jambo dogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kazi ya taka ngumu mikononi mwao, na kila mwezi tunalipa ada ya taka. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunatoka kufanya usafi. Siku hiyo moja litengwe guta moja la vioo tu. Lipite mtaa kwa mtaa, mwenyekiti atangaze kwa kipaza sauti kama anavyotangaza chanjo, kila mwenye kioo kilichovunjika, taa ya tyubu, au dirisha bovu alete kikiwa kimefungwa. Na vijana wetu wapewe glavu za ngozi. Nimeuliza bei dukani, jozi moja haifikii hata ada ya taka ya nyumba kumi kwa mwezi, na ukiitunza inakaa muda mrefu.

Kwa mafundi wenzangu sina la kuwafundisha, ila niwakumbushe kwamba mteja akisema "kiache hapo," kile kioo bado ni chetu. Sisi ndio tuliokitoa, sisi ndio tunaojua kinavyokata. Tuondoke nacho.

Mimi nimeweka pipa la chuma la lita 200 pembeni ya kibanda changu, lina mfuniko na limeandikwa VIOO kwa rangi nyekundu. Mtu yeyote wa Tandika na mitaa ya jirani alete kioo chake, kizima au kilichovunjika, hakuna malipo. Vinavyokatika tena navikata. Vinavyobaki, pipa likifika nusu nampigia simu msimamizi wa gari la taka, linachukuliwa peke yake na wapakiaji wanajua wanachobeba. Yule kijana wa guta ameshaniletea vioo vingi anavyokusanya njiani, anavibeba kwenye ndoo aliyoifunga mbele ya usukani, na sasa ana glavu.

Kibanda kinafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, Ijumaa mchana nafunga kidogo kwa ajili ya sala. Ukinikuta nimefunga, nakusihi usiache kioo mlangoni. Watoto wa madrasa hupita hapo baada ya magharibi, na wengi wako peku. Rudi nacho nyumbani, kiweke juu ya kabati, uje asubuhi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi vioo,
Tandika, Dar es Salaam